Kazi Hainunuliwi

Hotuba ya katibu mwenezi mbele ya mkutano wa wanachama



Tumepewa nafasi ya kusema juu ya jambo moja tu, nalo ni habari ya mtu anayetafuta kazi na mtu anayejidai kumtafutia. Kwa desturi katika mikutano yetu huzungumza juu ya kazi zenyewe: kwamba ni chache, kwamba mishahara ni midogo, kwamba waajiri ni wagumu. Hayo ni kweli na tutazidi kuyasema. Lakini yuko mtu mmoja asimamaye katikati, baina ya mwenye kazi na asiye na kazi, na huyo mara nyingi hatumtaji. Leo twataka kumtaja. Wengine humwita wakala, wengine dalali, na vijana wa mjini humwita mtu wa koneksheni. Katika siku za mashamba ya mkonge alikuwa mwandikishaji. Jina limebadilika, lakini swali la kumwuliza ni lile lile: Je, wewe walipwa na nani, na kwa hiyo wamtumikia nani?

Mkilishika swali hilo moja mkaenda nalo nyumbani, basi hatukupoteza jioni yetu.

TULIYOYASIKIA

Kwa muda sasa tumepita katika matawi tukikaa na vijana na kuwasikiliza. Tuliwauliza neno moja: Mara ya mwisho ulipotafuta kazi, nani alikuahidi, na alichukua nini? Majibu yalikuwa mengi, lakini yalikwenda kwa njia tatu.

Njia ya kwanza ni ya fomu. Kijana apata ujumbe katika simu yake kwamba ghala fulani lataka wapakizi, au kwamba kampuni ya ulinzi yataka walinzi. Aambiwa afike ofisini. Ofisi yenyewe ni chumba kimoja juu ya duka, meza moja, muhuri mmoja, na picha kubwa ya meli ukutani. Atoa fedha za fomu. Wiki ya pili aitwa atoe fedha za vipimo vya afya, kwa mganga aliyechaguliwa na wakala mwenyewe. Wiki ya tatu ni fedha za sare. Wiki ya nne simu haipokelewi. Akipanda ngazi kwenda kuuliza, amkuta fundi cherehani amepanga chumba kile, naye amwambia, "Pole, ndugu yangu, wewe ni wa kumi kuja kuuliza." (Kicheko.) Ndugu zangu, twacheka, lakini fedha ile ilikopwa kwa mama muuza vitumbua, na mama yule hadi leo angoja kulipwa.

Njia ya pili ni ya walimu, nasi tuliopita katika vyuo vya ualimu twaijua bila kuhadithiwa. Tulitoka chuoni na vyeti vyetu. Nafasi za Serikali hazikututosha sote. Tukaelekea kwenye shule za watu binafsi, na mlangoni pa shule tukakuta mtu amesimama. Akatuambia kwamba nafasi iko, ila mshahara wa mwezi wa kwanza ni wake yeye. Wenzetu wakakubali, maana mwenye njaa hana miiko. Mwezi wa tatu mwalimu aachishwa kazi bila kuambiwa kosa, na pale pale aletwa mwingine, naye atoa mshahara wake wa mwezi wa kwanza. Hesabu hii hata mtoto wa darasa la tatu aweza kuifanya. Nafasi moja ya mwalimu, ikizungushwa mara nne kwa mwaka, humpa dalali mishahara minne. Kwa hiyo dalali yule hapendi mwalimu adumu kazini. Mwalimu akidumu, duka lake limefungwa. Na watoto darasani, waliozoea sauti ya mwalimu mmoja, hubadilishiwa mwalimu kama mtu abadilishavyo kanzu.

Njia ya tatu ni ya wale waliokwenda mbali, zaidi dada zetu waliokwenda Uarabuni kufanya kazi za nyumbani. Huyu aliambiwa mshahara fulani hapa kwetu, akatia sahihi karatasi moja. Alipofika kule akapewa karatasi nyingine, kwa Kiarabu asichoweza kukisoma, yenye mshahara mdogo kuliko ule. Pasipoti yake ikachukuliwa ikawekwa kabatini. Alipotaka kurudi, akaambiwa alipe kwanza gharama zilizotumika kumleta. Wapo watakaosema kwamba haya ni maneno ya kisimani. La hasha. Mwezi wa Novemba 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa taarifa yake juu ya watumishi wa nyumbani waliotoka Tanzania kwenda Oman na Falme za Kiarabu. Walizungumza na wanawake 50 wa namna hiyo, na mambo waliyoyaandika ndiyo hayo hayo: pasipoti kushikwa, saa za kazi kupita kiasi, mshahara kupunguzwa au kutolipwa, na mtu kudaiwa fedha ndipo aachiliwe.

MANAMBA

Sasa wazee waliopo hapa watanisaidia, kwa kuwa jambo hili si jipya katika nchi yetu. Vijana wengi wamelisikia neno manamba katika matusi tu, wala hawajui lilikotoka.

Mkonge uliletwa katika nchi yetu mwaka wa 1893, wakati wa Wajerumani, na yule Dakta Richard Hindorf. Mashamba yakakua, na hadi mwanzo wa miaka ya 1960 Tanganyika ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 200,000 za mkonge kwa mwaka. Mkonge haujikati wenyewe. Wenye mashamba walitaka mikono mingi, na watu waliokaa karibu na mashamba, wenye shamba lao la mahindi na minazi, hawakutaka kukata mkonge kwa mshahara ule mdogo. Mwenye shamba angeweza kuongeza mshahara. Hakutaka. Akaona ni nafuu kumtuma mwandikishaji aende mbali.

Akaenda wapi? Akaenda Kigoma, akaenda Songea, akaenda Ruanda-Urundi, mahali ambapo kodi ya kichwa ilidaiwa kwa fedha taslimu, lakini njia za kuipata fedha zilikuwa chache. Angalieni jambo hili, ndugu zangu. Mwandikishaji hakwenda palipokuwa na watu hodari kuliko wengine. Alikwenda palipokuwa na shida kuliko pengine. Na hata leo wakala hafungui ofisi yake mahali penye kazi nyingi. Huifungua mahali penye wasio na kazi wengi.

Mwanzoni waandikishaji walikuwa watu binafsi, wakilipwa kwa kichwa. Kila mtu aliyefikishwa shambani alikuwa na bei yake. Mwaka wa 1944 wenye mashamba waliunda ofisi yao moja ya kuandikisha watu, iliyojulikana kwa jina la SILABU. Mtu aliandikishwa, akatia dole gumba kwenye mkataba asioweza kuusoma, akapewa blanketi na chakula cha njiani, akapandishwa gari kwenda Tanga au Morogoro. Alipofika alipewa namba, na kwa namba hiyo akaitwa. Hapo ndipo lilipotoka neno manamba. Mtu aliyeitwa nyumbani kwao kwa jina la babu yake, shambani akawa hesabu katika daftari.

Na kipande chake kilihesabiwa namna gani? Kilikuwa na siku 30, lakini si siku 30 za mwezi. Zilikuwa siku 30 za kazi iliyokubaliwa na nyapara. Siku aliyougua haikuhesabiwa. Siku aliyoshindwa kumaliza kipimo chake haikuhesabiwa. Mshahara wa mwezi mmoja uliweza kungojewa hata wiki sita. Naye akitoroka, sheria ya mabwana na watumishi ilimhesabu kuwa mkosaji wa jinai, kana kwamba aliiba. Na kweli kwa macho ya mwenye shamba aliiba, aliuiba mwili wake mwenyewe.

Kusini nako, katika Rungwe, kulikuwa na Wenela, yaani chama cha kuwaandikisha watu kwa migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini, kilichoundwa na wenye migodi mwaka wa 1900. Vijana walikwenda chini ya ardhi ya Johannesburg. Wengine walirudi na sanduku na baiskeli, na wengine walirudi na kifua kisichovuta pumzi. Baada ya uhuru wa 1961 Serikali ya Tanganyika iliufunga mlango huo. Malawi iliendelea hadi Aprili 1974, ndege ya Wenela iliyowabeba wachimba migodi wake ilipoanguka Francistown, Botswana, wakafa watu 78. Na Serikali ya Malawi ikasimamisha uandikishaji.

NANI ANALIPA?

Hatuyataji haya ili tulie juu ya mambo ya zamani. Twayataja kwa sababu moja. Linganisheni manamba wa 1944 na kijana wa leo, kisha mniambie ni nani aliyelipa.

Manamba, pamoja na taabu zake zote, hakulipa nauli. Nauli ilikuwa juu ya mwenye shamba. Blanketi lilikuwa juu ya mwenye shamba. Mshahara wa mwandikishaji ulikuwa juu ya mwenye shamba. Mwandikishaji yule alikuwa mtumishi wa tajiri, na kila mtu alijua hivyo. Lakini kijana wa leo, mwenye cheti mkononi, katika nchi iliyo huru, alipa fomu, alipa vipimo, alipa sare, alipa picha, atoa mshahara wa mwezi wa kwanza, na mwisho aambiwa ashukuru. Mzigo uliokuwa juu ya mgongo wa tajiri umehamishiwa juu ya mgongo wa maskini, nasi tumeuona tukanyamaza!

Kuna hatari iliyo kubwa kuliko hasara ya fedha. Tufanye mfano. Kiwandani zatakiwa nafasi 12. Wakala atangaza, na watu 400 waja. Kila mmoja atoa shilingi 20,000. Wakala amepata shilingi 8,000,000 kabla ya mtu hata mmoja kushika kazi. Haba na haba hujaza kibaba: kwa kila mwombaji ni haba, kwa wakala kibaba kimejaa. Je, mtu huyu ana haja gani tena ya kutafuta kazi? Zikiwapo nafasi 12, vema. Zisipokuwapo kabisa, kwake ni sawasawa, fedha amekwisha kuipata. Mwajiri anapomlipa, wakala hupata riziki kwa kutafuta mtu afaaye. Lakini mwombaji anapomlipa, wakala hupata riziki kwa wingi wa watu wenye shida. Shida ndiyo shamba lake, naye mkulima hawezi kuombea shamba lake likauke.

Hii ndiyo sababu twasema kwamba jambo hili haliponi kwa kumtafuta wakala mwenye roho nzuri. Wapo wenye roho nzuri, nasi tumekutana nao. Lakini mahali ambapo mwombaji ndiye alipaye, hata mwema hujikuta akivutwa, na mwovu hutajirika upesi kumpita mwema.

SHERIA IKO UPANDE GANI?

Yafaa mjue kwamba sheria haiko upande wa dalali. Mwaka ule ule wa 1944 SILABU ilipoanza, mataifa yalikutana Philadelphia katika Shirika la Kazi la Dunia, yakatangaza kwamba kazi ya mtu si bidhaa. Mwaka wa 1997 shirika hilo likapitisha Mkataba Na. 181 juu ya mawakala binafsi wa ajira, na shina la mkataba huo ni kwamba wakala asimtoze mfanya kazi ada wala gharama, kwa mlango wa mbele wala wa nyuma, isipokuwa pale ambapo nchi, baada ya kushauriana na waajiri na wafanya kazi, imeruhusu jambo fulani kwa ajili ya faida ya wafanya kazi wenyewe.

Hapa Tanzania tunayo sheria ya mwaka 1999 ya kukuza huduma za ajira, nayo yamtaka wakala awe na kibali. Mwaka wa 2014 zikatoka kanuni za mawakala binafsi, zikaeleza kwamba kazi ya wakala ni kumwunganisha mtu na mwajiri, wala si yeye kuwa mwajiri wa kukodisha watu kama mtu akodishavyo baiskeli. Tena iko ofisi ya umma ya kazi hiyo, Wakala wa Huduma za Ajira Tanzania, iitwayo TaESA, iliyoanzishwa 2008.

Basi, mtauliza, kama sheria iko, mbona mambo ni haya? Jibu ni kwamba sheria haina miguu. Yangoja mtu aende kuiita. Na aliyeibiwa fedha za fomu haendi kuiita, kwa sababu mbili. Kwanza aona haya. Amewaambia watu wa nyumbani kwamba kazi imepatikana, na sasa ataanzaje kusema kwamba alidanganywa? Pili, fedha ya mtu mmoja ni ndogo. Akihesabu nauli ya kwenda ofisi ya kazi mara tatu, hasara yazidi ile ya kwanza. Dalali ayajua haya mawili. Ndiyo maana huchukua kidogo kidogo kutoka kwa wengi, wala hachukui kingi kutoka kwa mmoja. Amejenga nyumba yake juu ya haya yetu na juu ya kila mtu kuwa peke yake.

KUFUNGA MLANGO HAKUTOSHI

Wapo ndugu wasemao, "Wakatazeni tu wasiende Uarabuni, shida itakwisha." Tutazame majirani. Kenya ilisimamisha upelekaji wa wafanya kazi katika nchi za Ghuba mwaka wa 2014; mwaka wa 2017 ikaruhusu tena kwa masharti. Uganda ilikataza watumishi wa nyumbani kwenda Saudi Arabia mwezi wa Januari 2016. Mwaka uliofuata nayo ikafungua. Kwa nini? Kwa kuwa mtu mwenye watoto wa kusomesha haachi kusafiri kwa sababu ya tangazo. Hutafuta njia ya pembeni, na katika njia ya pembeni hakuna mkataba, hakuna ubalozi unaomjua, hakuna ndugu ajuaye yuko nyumba gani. Katazo bila ulinzi humfukuza msafiri kutoka barabarani na kumtia porini.

Mzizi wa taabu ya kule ni desturi iitwayo kafala, ambayo humfunga mgeni kwa mwajiri mmoja, kibali chake cha kukaa katika nchi kikiwa mikononi mwa mwajiri huyo. Mwaka wa 2021 Saudi Arabia ililegeza baadhi ya masharti hayo kwa wafanya kazi wengine, lakini watumishi wa nyumbani, ambao ndio dada zetu, waliachwa nje ya nafuu hiyo. Desturi hiyo hatuwezi kuikata tukiwa hapa uwanjani. Lakini kuna upande mmoja wa kamba ulio hapa kwetu, nao ni wakala. Upande huo twaweza kuukata.

MANENO YA WAPINZANI

Mawakala wana maneno yao, na si haki tusiyajibu. Husema, "Sisi tuna kodi ya chumba, tuna umeme, tuna karani. Tule nini?" Twawajibu: kuleni kwa yule anayepata faida ya mtu mliyemleta. Mwajiri akitaka mtu hodari na hana muda wa kumtafuta, huo ni utumishi, naye aulipe. Seremala hamtozi ubao.

Husema tena, "Mbona tunawalipa wenyewe kwa hiari yao? Hatukumlazimisha mtu." Hayo ndiyo maneno yaliyosemwa juu ya manamba. Ati alitia dole gumba kwa hiari! Kodi ilikuwa mlangoni, mtoto alikuwa na njaa, na mwandikishaji alikuwa na blanketi mkononi. Hiari ya mtu anayezama haiulizwi na mwenye kamba.

Na wapo wenzetu wasemao kimya kimya, "Afadhali kulipa kuliko kukosa." Hao hatuwalaumu. Twawaambia tu wahesabu. Kati ya wale 400 waliolipa, waliopata ni 12, na hao 12 wangepata hata bila kulipa, maana mwenye kiwanda aliwahitaji. Wale 388 walinunua nini?

LA KUFANYA

Ndugu wanachama, hatukuja kulalamika. Twaliomba tawi hili, na kila tawi, lifanye mambo matano.

La kwanza, kila tawi liwe na daftari la mawakala. Mtu akiahidiwa kazi, aje aandikishe jina la wakala, mahali pa ofisi yake, namba ya kibali chake, kazi aliyoahidi na fedha aliyotaka. Walitufanya sisi kuwa namba katika daftari lao. Sasa na waingie wao katika daftari letu. (Makofi.) Mtu wa pili akitajiwa jina lile lile, atalikuta limeandikwa, na atajua yaliyompata wa kwanza.

La pili, mkataba usomwe kabla ya kutiwa sahihi. Katika kila tawi wapo walimu, wapo makarani waliostaafu. Wapangiwe jioni moja katika wiki, wakae wawasomee watu mikataba yao kwa sauti na kuwafasiria. Wasome mambo haya: jina la mwajiri mwenyewe, wala si la wakala tu, mshahara ni kiasi gani na hulipwa tarehe gani, saa za kazi, siku ya mapumziko, nani anayelipa nauli ya kwenda na ya kurudi, na mtu akitaka kuacha kazi afanyeje. Lisiloandikwa halikuahidiwa.

La tatu, anayesafiri aache nakala. Nakala ya mkataba, nakala ya pasipoti, namba ya simu na mahali pa nyumba aendayo, vikae kwa mzazi na vikae tawini. Tena apatane na nyumbani siku ya kupiga simu. Siku hiyo ikipita kimya, tusingoje mwezi. Twende ofisi ya kazi, na tuitake habari kutoka ubalozini.

La nne, tudai kwa pamoja. Mtu mmoja aliyeibiwa shilingi 20,000 haendi ofisini, lakini watu 40 walioibiwa na mtu yule yule, majina yao yakiwa katika daftari moja, huenda wakasikilizwa. Wachaguliwe watatu wapeleke mashtaka kwa niaba ya wote, na nauli yao ichangwe na tawi.

La tano ni gumu, nalo latuhusu sisi tuliopo hapa. Yule tajiri wa mkonge hakuingia mwenyewe katika kila kijiji. Alituma watu waliosema lugha yetu, waliojua nyumba ipi ina kijana mwenye nguvu na nyumba ipi ina deni la kodi. Na leo wakala wa mjini hawajui vijana wa mtaa huu. Huonyeshwa. Huonyeshwa na jirani, na shangazi, na kiongozi wa mtaa, wakati mwingine na mtu mwenye kadi ya Chama mfukoni, naye hupewa chake kidogo kwa kila kichwa. Twasema wazi: mwanachama anayepokea bakshishi kwa kumpeleka kijana kwa dalali hafai kushika uongozi katika tawi hili, hata akiwa hodari wa kuimba na kupiga makofi. Akifikishwa mbele ya kamati na shauri likathibitika, avuliwe cheo. Mchuma janga hula na wa kwao. Nasi tusipomwambia leo, kesho tutalila janga hilo pamoja naye.

MANAMBA WALIPONAJE?

Twamaliza kwa habari hii, maana wapo watakaosema kwamba daftari na mkutano ni silaha ndogo.

Manamba hakuponywa na huruma ya mwandikishaji, wala hakuponywa kwa kila mtu kuwa mjanja peke yake. Mjanja mmoja alitoroka usiku, na asubuhi mwingine aliletwa kwa gari kuijaza namba yake. Jambo lilianza kubadilika wafanya kazi walipoanza kuzungumza wao kwa wao. Mwaka wa 1955 likaundwa shirikisho la vyama vya wafanya kazi wa Tanganyika, katibu wake mkuu akiwa Rashidi Mfaume Kawawa. Vyama vikaingia hata katika mashamba ya mkonge. Mwaka wa 1958 wakata mkonge wa Mazinde waligoma, na nchi nzima ikasikia. Mshahara ulipoanza kupanda, watu wa karibu wakakubali kufanya kazi mashambani, na haja ya kwenda kumtafuta mtu Kigoma na Songea ikapungua. Katika miaka ya 1960 SILABU ikafungwa. Mwandikishaji aliondoka pale watu walipoacha kuwa wengi na wapweke.

Na ninyi vijana, mnaotoka kesho asubuhi na bahasha za vyeti mkononi, hatuwaambii msitafute kazi, wala hatuwaambii mwogope kila mtu mwenye meza na muhuri. Nendeni, na Mungu awafungulie. Lakini akiwaambia mtu, "Toa kwanza," mwulizeni swali lile: Wewe walipwa na nani? Kama jibu ni "Na wewe," basi rudini tawini, mlete jina lake. Daftari liko mezani, kalamu iko, na katibu atakuwapo kila Jumamosi kuanzia saa tisa alasiri.

Baada ya 1961 watu wa nchi hii walikuwa na neno lao, Uhuru na Kazi. Walizitaja zote mbili pamoja kwa kuwa walikwisha kuonja kazi isiyo na uhuru. Wazee hao walitukomboa kutoka kwa mwandikishaji wa kwanza. Huyu wa pili ni wa zamu yetu.